Kadi Moja, Nyumba Tatu

Kila baada ya miezi mitatu supamaketi hunitumia barua. Mume wangu huiita takataka, na angekuwa anaitupa pale pale mlangoni kama ningemwachia. Mimi huiweka juu ya meza, nikachemsha chai, nikavaa miwani, kisha nikaifungua taratibu kwa kisu. Ndani mna kuponi sita, na kila moja ina jambo la kusema kuhusu sisi. Punguzo la majani ya chai, kwa kuwa hatujui kunywa kikombe kimoja tukaacha. Punguzo la tui la kopo. Mwaka mmoja walinitumia punguzo la vidonge vya kiungulia, nami sijawahi kununua hata kimoja. Nilikaa na ile karatasi siku mbili nikijiuliza, mpaka mume wangu akakiri kwamba yeye huvinunua akitoka kazini na kuvimaliza ndani ya gari, asije akaambiwa apunguze pilipili.

Tangu siku hiyo nikaziheshimu kuponi. Ukionyesha kadi yako ya pointi pale kwenye malipo, mashine inaandika kila ulichonunua, na baada ya muda wanakurudishia habari zako mwenyewe kwa njia ya punguzo. Jirani anaweza kukaa nawe miaka kumi asijue kama nyumba yako inakula samaki au maharage. Supamaketi inajua, na siku inaijua pia.

Sasa, kadi yetu ina kisa chake. Kwa sheria ni yangu mimi, ina jina langu na anwani yangu ya Neasden, lakini inatumiwa na nyumba tatu. Mwenzangu wa kazini, Mwingereza, ana kadi yake na mumewe ana yake, na nilipomweleza ya kwetu alinitazama kama nimemwambia tunachangia mswaki. Kwetu sisi mtu kuwa na kadi ya peke yake ndiyo ajabu. Nilipiga picha ile mistari ya nyuma ya kadi nikaituma kwa mdogo wangu wa kiume na mkewe, wanaokaa Lewisham, na kwa mama mkubwa, dada wa marehemu mama yetu, ambaye anaishi peke yake mitaa miwili kutoka kwao. Kila anayenunua anaonyesha picha ile ile. Pointi zinakusanyika mwaka mzima, na Ramadhani ikikaribia tunazigeuza vocha, tukanunulia unga, sukari, mafuta na maziwa ya futari za nyumba zote tatu.

Mpangaji ni mimi. Hakuna aliyenichagua, lakini kupanga ndiyo kazi yangu: niko kwenye ofisi inayopeleka wahudumu kwa wazee majumbani, nami ndiye ninayeamua nani aende kwa nani na saa ngapi. Nikirudi nyumbani siwezi kuacha. Mlango wa friji yangu una karatasi ya wiki nzima, Jumamosi mpaka Ijumaa, na kilichoandikwa pale ndicho kitakacholiwa. Ikija kuponi ya choroko, basi wiki hiyo ni choroko. Vitunguu na nyanya sivinunui supamaketi ng'o, nangoja mpaka niende Lewisham, kwenye soko lile wanakouza kwa bakuli, na bakuli moja nikilipanga vizuri linafika siku nne. Nyama naitoa Edgware Road mara moja kwa mwezi, naikata, nafunga mafungu, naandika tarehe juu yake. Binti yangu anasema friza yetu ni ofisi ya kumbukumbu. Alilisema hilo kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia chote lakini kukijibu hataki.

Kasoro yangu naijua. Napenda kujua mambo. Marehemu mama yangu alikuwa akisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na alikuwa akijitetea mwenyewe, kwa sababu alikuwa mdaku kuliko mimi.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo sikuruhusiwa kuuliza. Wifi yangu, yaani mke wa mdogo wangu, ana miaka minne katika ndoa na hajapata mtoto. Mwaka wa kwanza watu walimuuliza, kama wanavyouliza watu. Mwaka wa pili mimba ilishika, ikatoka. Mdogo wangu alinipigia simu akaniomba jambo moja tu: mkewe asiulizwe tena, wala asidokezwe, na mimi kama mkubwa niwazuie wengine. Niliahidi, na niliwazuia kweli. Wifi ni mtu wa maneno machache. Anafanya kazi hospitali, leo zamu ya mchana, kesho ya usiku, na akija kwangu huosha vyombo bila kuombwa. Nampenda. Kila nikisali nilimwombea, na nakiri kwamba kila tulipokutana macho yangu yalikwenda tumboni kwake kwanza, usoni baadaye.

Barua ya safari hii ilifika mwezi wa Shaabani, zimebaki wiki tatu Ramadhani iingie. Kuponi ya kwanza majani ya chai. Ya pili mchele. Ya tatu ilikuwa ya chakula cha watoto wachanga, vile vichupa vidogo vya viazi vitamu na karoti zilizosagwa. Ya nne, biskuti laini za watoto wanaoota meno. Ya tano, nepi na pamba kwa nusu bei. Ya sita hata sikuisoma. Chai yangu ilipoa palepale.

Katika nyumba zetu tatu mtoto mdogo kuliko wote ni binti yangu, na ana miaka ishirini na moja. Nilimwita, nikampa simu anifungulie mahali zinapowekwa risiti za kadi. Alinifungulia, kisha akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba hayo si yangu na nisiyachimbe. Nikayachimba. Vichupa vilikuwa vikinunuliwa tangu mwezi wa Oktoba, kila Jumanne, saba kwa mpigo, kwenye duka la Lewisham. Nepi hakuna aliyenunua, nepi supamaketi ilikuwa inakisia tu, kama nilivyokuwa nakisia mimi. Na Lewisham tuna nyumba mbili. Katika moja anakaa mwanamke wa miaka sabini na sita. Katika ya pili anakaa wifi.

Utaniuliza: mwenye mimba anataka nini na chakula cha mtoto ambaye hajazaliwa? Nilijiuliza hilo, na nikajijibu upesi mno. Sisi tumelelewa na wanawake waliokula udongo. Kule kwetu Pemba kuna shangazi yangu aliyekuwa akimega ukuta wa jiko la uani kila alipokuwa na mimba, mpaka mumewe akaupiga plasta. Jirani yetu mmoja alikuwa haoni raha mpaka anuse mafuta ya taa. Uchu wa mimba hauna sheria. Kama mtu anaweza kula udongo na kulamba vidole, viazi vitamu vya kwenye kichupa ni nini? Tena kutoka Oktoba mpaka siku ile ilikuwa ni miezi minne, na mwanamke aliyekwisha kupoteza mimba moja, mwenye akili zake, hatangazi ya pili mapema akaitilia kijicho. Kila kitu kilikaa mahali pake. Nilifurahi mpaka nikalia, peke yangu pale mezani, na karatasi ya supamaketi mkononi.

Kuahidi niliahidi nisiulize. Sikuahidi nisinunue. Kuponi ya nepi mwisho wake ulikuwa Jumapili, na mimi katika maisha yangu yote ya London sijawahi kuiacha kuponi ife. Wazee wetu hawanunui nguo za mtoto kabla hajazaliwa, wanaona ni kumtangulia Mungu. Nikajiambia nepi si nguo. Nilichukua pakiti mbili ndogo kabisa, na pamba, na nilipokuwa naelekea kulipa nikaziona fulana tatu nyeupe, kila moja haizidi kiganja changu na vidole. Hazikuwa na punguzo lolote. Nikazitia kwenye toroli nazo.

Jumapili hiyo hiyo tulikuwa tunavunja jungu kwa mama mkubwa, kama kila mwaka. Ndiyo karamu yetu ya kuuaga mchana wa kula, kila mmoja anakuja na sufuria yake. Nilitoka Neasden na biriani niliyoifunga kwa taulo, nikabadilisha treni Canary Wharf, nikapanda ile ndogo isiyo na dereva mpaka Lewisham, na mfuko wa nepi nimeubana katikati ya miguu.

Niseme kidogo kuhusu mama mkubwa. Katika ukoo wetu anajulikana kwa meno. Sote tulikuwa watoto tukishikwa kidevu na yeye, akatufungua vinywa, akatukagua, akatugawia miswaki ya mti na kutuambia kwamba safu yake ile nyeupe haikutokana na dawa ya tyubu. Tulikua tukiamini hivyo. Siku ile ya jungu alikuwa kwenye kiti chake kando ya dirisha, mtandio ameupitisha mdomoni, akatupokea kwa sauti ya chini. Nilimsukumia paja la kuku, akasema ameshiba, na sahani yake ilikuwa na wali kidogo uliolowa mchuzi. Mwaka uliopita ni yeye aliyekuwa akiving'ata visheti mbele yetu kusikiliza kama vimekauka sawasawa, mwaka huu alimpa wifi aving'ate. Niliyaona yote hayo. Lakini macho yangu siku hiyo yalikuwa na kazi nyingine.

Mpango wangu ulikuwa kumpa wifi mfuko jikoni, tukiwa wawili. Ulikuwa mpango mzuri. Ila baada ya kula watu walikaa wameridhika, wifi alikuwa anacheka kwa jambo alilolisema mumewe, shavu limemjaa, na mimi nikashindwa kungoja. Niliuchukua mfuko nikamwekea mapajani. Nilimwambia ni vitu vya akiba tu, nimevipata kwa kuponi, wala asinijibu kitu.

Akaufungua. Mdogo wangu aliinama kutazama, akaona nepi, akaona na fulana moja iliyokuwa juu. Kisha akamtazama mkewe. Uso wake ulifunguka wote. Sikuwahi kumwona hivyo tangu siku ya harusi yake.

"Kweli?" akamuuliza.

Wifi alinyanyua macho akatazama kule dirishani alikokaa mama mkubwa, na mama mkubwa akatazama zulia.

"Hapana," wifi akasema. "Sina kitu."

Akaikunja midomo ya mfuko vizuri, akaniwekea miguuni, akakusanya sahani akaenda kuziosha. Maji ya bomba yalisikika muda mrefu. Mdogo wangu alinisindikiza mpaka chini, akanishikia mlango wa jengo, na hapo ndipo akaniambia kwamba aliniomba jambo moja tu. Nilirudi Neasden na nepi zangu.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na mimi ukingo niliugonga kwa kichwa. Sikulala vizuri wiki ile. Nilimpigia wifi, hakupokea. Nilimwandikia ujumbe, ukaonekana umesomwa, jibu halikuja. Ramadhani iliingia, vocha zetu nikazigawa kama kawaida, sukari na unga nikazipeleka kwa njia ya mume wangu kwa kuwa mimi nilikuwa sina uso. Na nitasema kweli, hata kama kweli hiyo hainipambi: chini ya aibu swali lilikuwa liko pale pale. Kama si wifi, vichupa anavila nani? Na kwa nini, alipoulizwa na mumewe, alimtazama mama mkubwa kwanza?

Siku ya sita ya mfungo mama mkubwa alinipigia simu. Aliniambia niende kwake alasiri, na nisifuatane na mtu.

Nilimkuta peke yake, ameinjika maji. Hakunizungusha. Alinichukua mpaka jikoni, akafungua kabati la viungo, na nikabaki nimesimama natazama. Rafu nzima ilikuwa vichupa vidogo, vimeoshwa, vimebanduliwa karatasi, vimepangwa safu safu. Kimoja kina iliki, kimoja karafuu, kimoja binzari nyembamba, kimoja pilipili manga. Kwenye vifuniko vyake bado kulikuwa na picha ya kitoto kinachocheka.

"Vilivyokuletea kuponi ndivyo hivi," akasema. "Navila mie."

Kisha akauondoa mtandio, akafungua mdomo, kama alivyokuwa akitufungua sisi. Chini hamkuwa na jino hata moja. Juu yalikuwepo mawili, pembeni, marefu na ya njano.

Aliniambia tukiwa tumekaa. Safu ile nyeupe ilikuwa ya kutengeneza. Aliitengenezesha miaka mingi nyuma, mimi ningali mtoto, na marehemu mumewe tu ndiye aliyejua. Miswaki ya mti alitugawia akiwa ameshayakosa meno yake mwenyewe, na ndiyo maana alitukazania. Mwezi wa Oktoba, alipokuwa akiyasafisha, yalimponyoka, ya juu yakapasuka vipande viwili na ya chini yakavunjika ncha. Alipiga simu kwa madaktari wa meno wa karibu naye. Kila mmoja alimwambia hapokei wagonjwa wapya, apige tena baadaye, na Kiingereza cha kwenye simu kinamchosha, haoni midomo yao. Baada ya simu ya tatu akaacha. Akawa anachovya mkate kwenye chai, asubuhi na jioni, na nyama anaifyonza tu.

Wifi ndiye aliyemgundua. Alimletea samaki wa kukaanga, akarudi kuchukua mwavuli aliousahau, akamkuta mama mkubwa analia mbele ya sahani. Mama mkubwa alimwapisha palepale. Mwanzoni wifi alikuwa akimpikia uji na kumpondea viazi, lakini zamu zake hazimpi nafasi kila siku, na vidole vya mama mkubwa haviwezi kuponda kitu siku hizi. Ndipo akaleta vichupa. Jumanne anamnunulia vya wiki nzima, anavichagua visivyo na nyama kwa sababu ya uhalali wake, anamtilia tui na chumvi kidogo, anapasha moto.

"Ukitia tui, huwezi kujua ni cha mtoto," akasema mama mkubwa. "Cha maboga kizuri zaidi."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Mimi nilikuwa nasoma makaratasi Neasden, na aliyekuwa anajua alikuwa anaosha vyombo.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mimi. Nilimkumbusha kazi yangu. Kila siku nasoma habari za wazee wasiokula, nampeleka mtu kwao kabla ya saa sita. Nadhani nilisema kwa ukali kidogo, kwa sababu niliumia.

"Wewe ungenipanga," akanijibu. "Ungeniweka kwenye karatasi. Yeye alinisitiri."

Alichukua kichupa cha iliki akawa anakizungusha mkononi, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

"Na siku ile mie nimekaa pale dirishani, nikamwacha mtoto wa watu afedheheke mbele ya mumewe," akasema. "Neno moja tu lingemtoa. Nikalificha kwa ajili ya meno. Nenda kamwambie nimekwambia mwenyewe."

Ni mitaa miwili. Niliitembea polepole. Wifi alinifungulia, akanitazama, akaniachia mlango wazi akarudi jikoni, na nikamfuata. Mdogo wangu alikuwa bado hajarudi kutoka kazini. Nilimwambia nimeyajua, mama mkubwa kanieleza kwa mdomo wake. Nilimwambia anisamehe. Nilimweleza habari ya kuponi, na ya shangazi aliyekula ukuta, yote, kama mtu anayetoa ushahidi dhidi yake mwenyewe. Aliendelea kukoroga uji wa futari.

"Wifi, wewe hukunitukana," akasema. "Ungenitukana ningejua la kufanya. Wewe ulinifurahia."

Akazima jiko.

"Na yeye aliamini. Dakika ile aliamini. Mie nikamwona anavyoamini."

Nilimshika mkono, akaniachia. Tulikaa hivyo mpaka simu yake ikaadhini juu ya meza. Akanisogezea tende, tukafungua, na tulipomaliza nikawahi mimi kwenye vyombo.

Baada ya hapo nilifanya ninachokijua, ila safari hii niliomba ruhusa kwanza. Mama mkubwa aliniruhusu kwa masharti: nisiandike popote kwenye friji, na mdogo wangu aambiwe lakini watoto wasiambiwe. Ndiyo sababu humu hamna jina la mtu. Nilikaa na simu asubuhi nne mfululizo kabla ya kuingia kazini, nikapata daktari mmoja wa meno, mbali kidogo, mabasi mawili kutoka kwake, anayepokea wagonjwa wapya. Tarehe aliyotupa ilikuwa baada ya Idd, na kutengeneza kwenyewe kungechukua wiki kadhaa. Maana yake vichupa vingeendelea. Nikamwomba wifi aniachie mimi Jumanne. Akasema haya, na akanitajia vipi mama mkubwa hapendi. Vya brokoli hapendi.

Jumanne ya kwanza niliingia duka la Lewisham na kuponi yangu ya vichupa mkononi. Ujia ule wa vyakula vya watoto sikuwa nimeupita miaka mingi, na kwa kweli niliuonea ajabu. Katika wakati wangu vilikuwepo vya tufaha na vya karoti, basi. Sasa rafu zimepanda mpaka juu ya kichwa. Kuna vya miezi minne, vya sita, vya kumi. Kuna vya dengu, vya parachichi, kuna vilivyotiwa mdalasini. Niliviokota kimoja kimoja nikisoma maandishi madogo, kuku naweka kando, ng'ombe naweka kando, nikijiuliza mtoto wa miezi sita mdalasini anaujulia wapi. Ng'ambo ya rafu zilitundikwa fulana nyeupe, zile zile nilizonunua. Wanawake walinipita na vigari vya watoto, kwa nafasi ndogo ile mtu unajibana mpaka magurudumu yapite.

Mmoja alisimama karibu yangu. Alikuwa mwanamke mchangamfu, mtoto amemfunga kifuani, akaniona nimekamata vichupa viwili nalinganisha, akatabasamu. Aliniuliza kama ni vya mjukuu. Halafu akaniuliza, mjukuu ana miezi mingapi sasa?

Hakuwa na ubaya wowote. Nilitazama vichupa, nikatazama ule ujia, na nikamwona wifi pale pale nilipo, Jumanne baada ya Jumanne tangu Oktoba, ametoka zamu, anasoma maandishi madogo katikati ya vigari vya watoto wa watu. Mimi nimeshazeeka, mimi naulizwa habari za mjukuu. Yeye hawakumuuliza mjukuu. Nilitingisha kichwa nikajifanya Kiingereza hakinipandi, nikachukua vyangu saba nikaenda kulipa. Kadi ikalia, pointi zikaingia.

Nje, kwenye kituo cha basi, nilimpigia wifi. Nilimwambia vya maboga nimepata vinne.

"Wanauliza," nikamwambia.

"Wanauliza kila mara," akasema.

"Wewe ulikuwa unawajibu nini?"

Nyuma yake niliwasikia watu wa hospitali wakiitana.

"Nawaambia anakula vizuri," akasema.